Mashine Haitoshi Bila Maarifa

Tarehe 1 Septemba 2017, Mahakama ya Juu ya Kenya ilibatilisha uchaguzi wa rais. Miongoni mwa sababu zake, Tume ya Uchaguzi haikutii kikamilifu amri ya kuruhusu mitambo ya matokeo ikaguliwe. Mwaka 2022 Tume iliweka kwenye intaneti fomu 34A za vituo zaidi ya 46,000, hata raia yeyote akaweza kujumlisha kura za urais mwenyewe.

Ndugu wapendwa, mlango huo ulifunguliwa, lakini asiyejua kuisoma fomu hubaki nje, akitegemea uvumi na maneno ya wakubwa. Basi kila Jumuiya Ndogo Ndogo ijifunze mapema, kabla ya uchaguzi wa mwaka 2027. Ifahamu kwamba mashine hutambua alama za vidole, bali kura yenyewe ni karatasi. Huhesabiwa kituoni mbele ya mawakala, na nakala ya fomu hubandikwa mlangoni. Viongozi wa walei waifundishe fomu hiyo, mstari kwa mstari, kwa vijana na wazee.

Kura ni amana. Mwenye amana hana budi kujua jinsi inavyotunzwa.