Kadari Haifuniki Shimo la Choo



Leo sitaongea kwa upole. Kuna neno letu tukufu limegeuzwa pazia la wenye nyumba. Neno hilo ni kadari.

Mtu ateleza kwenye ngazi za gorofa zisizo na taa wala pa kushika. Mguu wavunjika. Kabla plasta haijakauka, wazee washajaa sebuleni: "Ni kadari ya Allah, mwanangu. Shukuru uko hai." Mwenye nyumba amekaa pembeni, kainamisha kichwa, aitikia "kweli kabisa". Mbona asiitikie? Neno hilo lamlipia deni lake.

Sote twaamini kadari, kheri yake na shari yake. Lakini niambieni, kodi ikichelewa siku tano, mwenye nyumba huyo huyo husema ni kadari? Wallahi hasemi. Hutia kufuli lake mlangoni na sufuria zako zikalala nje. Kumbe kadari ni ya mpangaji peke yake.

Na hao wanaotuziba mdomo kwa jina la dini wangefungua vitabu kwanza. Minhaj ya Imam Nawawi yasomeshwa hapa Pwani miaka na miaka, na ndani yake mna mlango mzima wa dhamana: aliyechimba kisima mahali asipokuwa na haki ya kuchimba, mtu akatumbukia, alipa. Aliyejenga ukuta ulioinamia njia ya watu, ukaanguka, alipa. Wanazuoni wa Kihanafi nao wamesema mwenye ukuta akishaambiwa aubomoe akapuuza, ukimwangukia mtu dhamana ni yake. Na Sayyidna Umar, Allah amridhie, amepokewa kuwa aliogopa kuulizwa siku ya Kiyama kuhusu mnyama aliyejikwaa kule Iraq kwa sababu yeye hakumtengenezea njia. Mnyama! Sisi hapa twaambiwa tunyamaze kwa mtoto wa mtu.

Mtoto huyo si wa mfano tu. Tulikaa na mama mmoja, jina lake na mtaa wake naviweka kando. Mwanawe wa miaka sita alikanyaga mfuniko wa shimo la choo uani, mfuniko wenyewe mbao zilizooza zimetupiwa bati juu. Wapangaji walikuwa wamelalamika kwa ajenti zaidi ya mara moja. Mtoto alitolewa hai, alhamdulillah, lakini mkono umevunjika na kifua kimeingia maji machafu. Siku ya nne mwenye nyumba alikuja na shilingi elfu kumi, mfuko wa unga, na karatasi iliyoandikwa kwa Kiingereza. Mama akaambiwa atie sahihi "ya kupokea unga". Karatasi hiyo, tulipoisoma, yasema hana madai yoyote, ya sasa wala ya baadaye. Na aliyembembeleza atie sahihi ni mtu tunayesali nyuma yake.

Mniwie radhi, lakini hiyo si sulhu. Sulhu ni kheri, na sisi wenyewe twasuluhisha watu kila wiki. Ila sulhu ni ya watu wawili wanaojua wanachokiacha na wanachokipata. Mmoja akijua na mwengine hajui, huo ni ununuzi wa haki kwa bei ya unga.

Sasa sheria. Kenya tuna Sura ya 34, inayohusu wajibu wa anayeshikilia jengo au kiwanja. Yasema hivi kwa ufupi: mwenye mamlaka juu ya mahali lazima achukue uangalifu wa kutosha ili mtu aliyeingia kwa ruhusa awe salama. Mpangaji, mgeni wa mpangaji, mteja dukani, aliyekuja kula hotelini, aliyekuja kuswali, wote wamo. Ngazi, korido, paa, tangi la maji na shimo la choo la pamoja, kwa kawaida viko mikononi mwa mwenye nyumba, hata kama chumba umekodi wewe. Sheria hiyo yamtaka pia atarajie kuwa watoto hawana uangalifu wa watu wazima. Kwa hivyo ile hoja ya "mtoto mtundu, mamake alikuwa wapi" haimwoshi mwenye shimo. Na kibandiko cha "ingia kwa hatari yako" hakitoshi peke yake kama hakikukuwezesha kuwa salama. Ngazi ikiwa ndiyo njia pekee ya kwenda kwako, utaikwepa vipi, uruke?

Watasema ulikuwa washika simu ukitembea. Sawa, yawezekana. Mahakama yaweza kukukata asilimia fulani kwa uzembe wako, lakini haifuti sehemu ya mwenzio.

Na hapa ndipo kadari inapotuua: muda. Kesi ya kuumia ina miaka 3 tangu siku ya tukio. Ukiwa waidai serikali, kwa mfano umeumia kwenye jengo lake, muda ni miezi 12 pekee. Kuongezewa muda kupo, lakini ni mlango mwembamba sana, na "nilikuwa nasubiri mzee atupatanishe" haipiti hapo. Mwenye nyumba mjanja yuajua hesabu hii kukushinda. Ndiyo maana kila mwezi akuahidi mwezi ujao. "Baada ya Ramadhani, inshallah." Kisha baada ya Idi. Kisha mvua ikiisha. Inshallah ya mtu anayehesabu siku zako si inshallah.

Kwa hivyo ukiumia, siku ile ile, piga picha. Mwambie ndugu yako apige kama wewe huwezi: shimo, ngazi, waya, ukuta, kutoka mbali na karibu, kabla fundi hajaitwa usiku kuja kuziba. Maana ataitwa. Picha zikae kwenye simu iliyopiga, usizifute, kwa sababu mahakama hutaka cheti cha kueleza zilivyopigwa na kuchapishwa. Nenda polisi uandikishe, uchukue nambari ya OB. Andika majina na simu za walioona, na za wapangaji waliowahi kulalamika. Kama walilalamika kwa meseji, hizo meseji ni dhahabu. Hospitali omba ripoti ya daktari, sio kadi tu ya dawa. Na risiti! Jamani risiti. Pesa ulizotumia zahitaji kuthibitishwa moja moja. Usipokuwa na risiti ya X-ray, mbele ya hakimu ni kama hukulipa. Fidia ya maumivu yenyewe ni hesabu nyingine, hakimu hutazama kesi za majeraha yanayofanana na yako.

Kuna wanaouliza kama twende kwa Kadhi. Hapana. Kwa Katiba yetu mahakama ya Kadhi ni ya ndoa, talaka, mirathi na hadhi ya mtu. Haya ni ya mahakama ya hakimu. Mtoto hafungui kesi mwenyewe, mzazi humfungulia kwa niaba yake, na kesi ikishafunguliwa hata mzazi hawezi kuimaliza kwa makubaliano bila idhini ya mahakama. Vijana wa mjengo mjue njia yenu ni nyingine: ukiumia kazini kwa mwajiri wako, sheria ya fidia za kazini ya 2007 yakupeleka kwanza kwa ofisi ya usalama kazini, na huko pia una miezi 12.

Pesa ya wakili? Swali la haki. Sheria ya mwaka 2016 imeanzisha huduma ya taifa ya msaada wa kisheria kwa asiyejiweza, na kanuni za mahakama zaruhusu maskini kuomba kufungua kesi bila kulipa ada. Jihadharini na wale mabroka wanaozunguka wadi wakiwa na fomu za mawakili mfukoni. Sheria ya mawakili haitambui makubaliano ya "nikishinda ndio nile, nikishindwa hunidai". Atakayekuahidi hivyo kando ya kitanda akukimbilia wewe au shilingi yako?

Na msiniambie maskini hashindi. Owino Uhuru ni hapa hapa Mombasa. Watu wa kijiji kile walitiwa sumu ya risasi na kiwanda cha kuyeyusha betri kilichokuwa ubavuni mwao. Walienda mahakamani. Julai 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi ikaamua walipwe shilingi bilioni 1.3. Mwaka 2023 Mahakama ya Rufaa ikauvunja uamuzi ule, watu wakasema mambo yamekwisha, na Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikaurejesha. Najua kesi yao ilikuwa ya kikatiba na ya mazingira, sio ya ngazi mbovu. Lakini wale si matajiri. Ni watu waliokataa kuambiwa kwamba watoto wao kuugua ni bahati mbaya.

Bado kuna swali ambalo hamtaki niliguse, nami naligusa. Je, kama nyumba ni ya wakfu? Kama ni ya msikiti? Kama mwenye nyumba ni alhaji anayefuturisha mtaa mzima? Jibu ni lile lile. Mali ya wakfu ina msimamizi, na msimamizi anayekusanya kodi kila tarehe tano ana jukumu la kukagua mfuniko. Futari yake Allah atamlipa. Mkono wa mtoto ni deni, na deni halilipwi kwa tende.

Kwa maimamu na wazee wetu, kwa heshima zote: mkiitwa kupatanisha, ulizeni kwanza kama yule mgonjwa ameonana na wakili. Kama bado, msikalie kikao. Karatasi isiyosomwa kwa Kiswahili mbele ya aliyeumia, msiwe mashahidi wake.

Yule mama hakutia sahihi. Unga aliurudisha, ingawa nyumbani kwake siku hiyo hakukuwa na unga. Barua ya madai imeshamfikia mwenye nyumba, na wiki iliyofuata shimo likafunikwa kwa zege. Kesi bado.

Kama nyumbani kwenu kuna karatasi mmeletewa na mwenye nyumba, ajenti au mtu wa bima, usitie sahihi wala usiirudishe. Ipige picha utuletee kupitia ukurasa huu, tutakusomea bila malipo. Na kama washatia sahihi, ilete vilevile. Kuna zinazoweza kupingwa, lakini tarehe ya tukio iandike juu kabisa.