Theluji ya Kwanza: Jamani, Tuacheni Kukopa kwa Ajili ya Uswisi



Tunawaandikia kutoka Dodoma. Kwenye kikoba chetu tupo mchanganyiko: wapo Wagogo wa hapa hapa, tupo tulioletwa na ndoa kutoka Unguja na Pemba. Wengi wetu tunashona au kuuza vitambaa, mmoja ana shamba la zabibu Hombolo. Baridi tunayoijua ni ile ya Juni na Julai, upepo mkavu unaopasua midomo, basi.

Mwaka jana tukaanza maneno ya kwenda kuiona theluji na kujifunza kuteleza juu yake. Tukachekwa. "Mtu mzima na mtandio wake akaangukeanguke mbele za watu!" Hilo halikutuuma. Kilichotuuma ni wale waliotuunga mkono halafu wakasema kama si Uswisi bora tukae nyumbani, kwamba theluji ya Dubai ni ya dukani na kwenda huko ni ushamba.

Haya, tuwaambie ushamba wenyewe ulivyo. Wawili kati yetu walisikiliza maneno hayo. Wakachukua mkopo wa kikoba, wakampa wakala mmoja wa safari kianzio, wakaenda Dar es Salaam kutoa alama za vidole. Ada ya viza ya Schengen ni euro 90 kwa mtu mzima, na ukinyimwa hairudi. Walinyimwa. Kianzio cha wakala nacho mpaka leo ni "njoo wiki ijayo, dada". Theluji hawakuiona, na mkopo bado wanaulipa kwa kushona sare za shule hadi usiku wa manane. Sasa mshamba nani?

Tuliwauliza wateja wetu waliowahi kuteleza, na wote walisema yale yale. Siku ya kwanza huhitaji mlima mkubwa. Unahitaji kijiteremko kidogo kama cha kushukia bafuni, mwalimu, na sehemu ya kuazima vifaa. Viatu vyake ni vigumu kama ndoo na vinabanwa kwenye mbao mbili ndefu. Saa ya kwanza yote unajifunza kusimama, kuanguka kwa ubavu, na kupunguza mwendo kwa kukaribisha ncha za mbele za mbao ziwe kama kichwa cha mshale. Hayo Alps itakufundisha nini ambacho kijiteremko hakikufundishi? Utalipa nauli ya Ulaya uende ukaanguke mahali palepale siku nzima.

Ski Dubai ipo ndani ya Mall of the Emirates tangu 2005. Nje jua linawaka, ndani ni chini ya sifuri. Mteremko mrefu kuliko yote una kama mita 400, na asiyejua haruhusiwi kupanda huko bila kufundishwa kwanza. Koti, suruali na viatu unapewa humo humo. Sehemu ya kuswalia ipo kwenye jengo. Na jamani, sisi Dubai tunakwenda hata hivyo! Tunafuata vitambaa Deira, tunalala chumba kimoja wanne, tunarudi na mizigo. Kuongeza nusu siku kwenye safari ya biashara hakuhitaji mkopo wa mtu.

Kwenye mavazi mtusikilize sisi maana ndiyo kazi yetu. Baibui refu huko ni hatari, linaingia chini ya mbao. Suruali yao ni pana na koti linashuka chini ya kiuno. Ukivaa gauni fupi la jezi ndani yake umejisitiri kuliko tunavyojisitiri kwenye baadhi ya harusi, na mnajua tunachosema. Mtandio uwe wa jezi wa kuvuta kichwani, usio na pini, uingie ndani ya koti. Ndani msivae pamba, inashika jasho kisha inakupoza. Soksi jozi moja ndefu. Mbili zinabana damu, miguu inazidi kuganda.

Anayetaka mlima wa kweli, asubiri Juni hadi Agosti aende Afriski, Lesotho, kwenye milima ya Maluti, zaidi ya mita 3,000 juu ya bahari. Unapitia Afrika Kusini, ambako Mtanzania haombi viza kwa matembezi mafupi. Ila ni saa kadhaa za gari kutoka Johannesburg na baridi yake haina mzaha. Hiyo tumeiweka ya pili.

Kuna aliyeuliza kwa nini tusiende Kilimanjaro yetu. Wajerumani wawili, Walter Furtwängler na Siegfried König, waliteleza huko mwaka 1912. Lakini zaidi ya asilimia 80 ya barafu iliyokuwapo wakati huo imeshayeyuka, na hakuna mwalimu wala lifti. Si pa kuanzia.

Na kwa wanaosema mambo haya si ya watu wa pwani: Sabrina Simader alizaliwa Kilifi, akahamia Austria akiwa mdogo, na mwaka 2018 kule Pyeongchang akawa mwanamke wa kwanza kuiwakilisha Kenya kwenye Olimpiki ya majira ya baridi. Kilifi, penye minazi!

Kwa hiyo tumekubaliana. Mkopo wa kikoba ni wa biashara na ada za watoto, hautoki kwa safari ya starehe. Kila mmoja anaweka chake pembeni kila mwezi, mwenzetu wa Hombolo anasubiri zabibu za Agosti. Wawili wenye deni tumewaambia wamalize kwanza, tutawasubiri. Mtandio wa jezi wa majaribio tumeshaushona, rangi ya zambarau, na umepita kichwani bila pini hata moja.