Mchelea Mtazamaji Hulia Mwenyewe

Mwishoni mwa Oktoba 2025 Tucker Carlson, mtangazaji wa zamani wa Fox News ambaye sasa anaendesha kipindi chake mwenyewe mtandaoni, alimkaribisha Nick Fuentes, kijana aliyejipatia umaarufu kwa kauli za chuki dhidi ya Wayahudi na kwa kumsifu Hitler. Mazungumzo yao yalikuwa marefu na ya kirafiki. Siku chache baadaye Kevin Roberts, rais wa Heritage Foundation, taasisi ambayo tangu 1973 imekuwa jiko la sera za wahafidhina wa Marekani, alitoa video akisema kwamba taasisi yake haitajitenga na Carlson. Baadhi ya wafanyakazi wake mwenyewe wakamjia juu. Roberts akaomba radhi kwa sehemu ya maneno yake, na mwezi uliofuata Profesa Robert George wa Chuo Kikuu cha Princeton, mmoja wa wanafikra wa kihafidhina wanaoheshimika sana nchini humo, alijiuzulu ujumbe wa bodi ya taasisi hiyo.

Wengi wamelisoma tukio hili kama mjadala kuhusu Israel, au kuhusu uhuru wa kusema. Yote mawili yamo. Lakini chini yake liko swali jingine: katika uwanja wa habari na maoni, nani mwenye kauli ya mwisho, mhariri au mtazamaji? Hoja yangu ni kwamba wahafidhina wa Marekani walianzisha vyombo vyao vya habari kwa sababu halali, lakini wakavijenga juu ya msingi usio wa kihafidhina hata kidogo, nao ni kumfanya mtazamaji kuwa bwana wa nyumba. Wahenga walikwisha kutuonya: mchelea mwana kulia hulia mwenyewe.

Tuanze kwa kuwatendea haki. Malalamiko ya wahafidhina dhidi ya vyombo vikubwa vya habari vya Marekani hayakuzuka hewani. Oktoba 2020, wiki chache kabla ya uchaguzi, mtandao wa Twitter uliwazuia watumiaji wake kusambaza habari ya gazeti la New York Post kuhusu kompyuta ya Hunter Biden. Baadaye mkuu wa Twitter wa wakati huo, Jack Dorsey, alikiri kwamba uamuzi ule haukuwa sahihi. Aprili 2024 Uri Berliner, mhariri aliyeitumikia redio ya umma ya NPR kwa miaka 25, aliandika kwamba alipochunguza orodha za wapigakura mjini Washington alikuta wanahabari 87 wa redio hiyo wamejiandikisha kama wafuasi wa Democrat, na wa Republican hakuna hata mmoja. Miezi miwili baadaye, tarehe 27 Juni, mamilioni ya Wamarekani walimwona Rais Biden akishindwa kumaliza sentensi zake katika mdahalo wa Atlanta, wakajiuliza ni kwa nini jambo lililo wazi kiasi kile lilikuwa likizungumzwa kwa minong'ono. Anayesema kwamba nusu ya taifa haikuwa na sababu ya kutafuta kwingine pa kusikilizia habari, hasemi kweli.

Kwa hiyo haja ya kuwa na vyombo vyao ilikuwapo. Tofauti ni namna ya kuviendesha, na hapa historia ya wahafidhina wenyewe inatupa kipimo.

Mwaka 1955 William F. Buckley alianzisha jarida la National Review. Miaka mitatu baadaye tajiri mmoja wa biashara ya peremende, Robert Welch, aliunda John Birch Society, chama kilichokua upesi na kujaza watu wenye ari na fedha. Welch aliamini, pamoja na mengine, kwamba Rais Eisenhower, jenerali aliyeongoza majeshi ya washirika dhidi ya Hitler, alikuwa wakala wa wakomunisti. Wanachama wa Welch walikuwa wasomaji wa jarida la Buckley, na baadhi yao walikuwa wafadhili wake. Buckley angeweza kunyamaza. Februari 1962 alichapisha makala ndefu akieleza kwamba Welch anapotosha ukweli na kuiharibu hoja ya wahafidhina. Wasomaji waliandika barua za hasira, wengine wakasitisha usajili wao. Mwaka 1965 jarida lilikwenda mbali zaidi na kukikosoa chama chote.

Buckley hakuwa malaika. Jarida hilohilo mwaka 1957 lilitetea utawala wa Wazungu katika majimbo ya Kusini, doa ambalo msomaji wa Kiafrika hawezi kulifumbia macho. Hata suala la Welch alilishughulikia hatua kwa hatua, kwa hesabu za mwanasiasa. Lakini alielewa jambo moja ambalo warithi wake wamelisahau, kwamba kazi ya mhariri ni pamoja na kumwambia msomaji anayekulipa kwamba amekosea.

Tangu hapo mazingira yalibadilika. Mwaka 1987 mamlaka ya mawasiliano ya Marekani ilifuta kanuni iliyokuwapo tangu 1949, iliyowataka wenye redio na televisheni kutoa nafasi kwa pande zinazopingana katika masuala ya umma. Mwaka uliofuata Rush Limbaugh alianza kusikika nchi nzima, saa tatu kila siku, peke yake kwenye kipaza sauti. Oktoba 1996 Rupert Murdoch na Roger Ailes walizindua Fox News. Si sahihi kusema, kama wanavyosema wengi, kwamba kufutwa kwa kanuni ile ndiko kulikoizaa Fox, kwani kanuni haikuihusu televisheni ya kebo. Kilichoizaa Fox ni ugunduzi wa kibiashara. Katika nchi yenye idhaa mamia huhitaji kumpendeza kila mtu. Wakupende wachache kwa dhati, wasibanduke kwenye kiti, nawe utatajirika.

Ugunduzi huo una sharti lake. Mtu anayependwa na wachache hawezi kumudu kuwapoteza. Ilichukua takriban robo karne kwa bei ya sharti hilo kuonekana, na ilionekana usiku wa tarehe 3 Novemba 2020.

Usiku ule dawati la uchaguzi la Fox lilitangaza, kabla ya idhaa nyingine zote, kwamba Biden ameshinda Arizona. Hesabu zao zilikuwa sahihi: kura zilipokamilika Biden aliongoza kwa kura 10,457. Lakini watazamaji walikasirika, na baadhi yao wakahamia Newsmax, idhaa ndogo iliyokuwa tayari kuwaambia wanachotaka kusikia. Kilichofuata tunakijua kutokana na nyaraka za kesi ya kashfa iliyofunguliwa na Dominion, kampuni ya mashine za kupigia kura, ambayo Fox iliruhusu itajwe hewani kuwa mshirika wa wizi wa kura. Nyaraka zile zinapaswa kusomwa na kila mwanafunzi wa uandishi wa habari. Zinaonesha watangazaji nyota wakidharau faraghani madai yaleyale ambayo idhaa yao iliyapa nafasi hadharani. Zinaonesha Carlson akitaka mwanahabari mwenzao afukuzwe kwa sababu alihakiki ujumbe wa Trump na kuonesha kwamba hauna ushahidi. Hoja yake ilikuwa kwamba kampuni inaumia na bei ya hisa imeshuka. Murdoch mwenyewe, alipohojiwa kwa kiapo, alikubali kwamba baadhi ya watangazaji wake waliunga mkono madai ya uongo. Na Chris Stirewalt, mmoja wa wahariri walioutetea ule uamuzi sahihi wa Arizona, alipoteza kazi Januari 2021.

Machi 2023 jaji wa Delaware aliamua kwamba hakuna hata moja kati ya madai yale kuhusu Dominion lililokuwa la kweli. Tarehe 18 Aprili, kesi ikiwa karibu kuanza kusikilizwa mbele ya baraza la wazee, Fox ilikubali kulipa dola milioni 787.5. Newsmax nayo ililipa Dominion dola milioni 67 mwaka 2025.

Watu husema kesi ile ilithibitisha kwamba Fox ni waongo. Kwa maoni yangu ilithibitisha jambo la kusikitisha zaidi, kwamba walikuwa waoga. Mwongo anayeuamini uongo wake anaweza kusahihishwa kwa ushahidi. Lakini utamsahihishaje mtu ambaye ushahidi anao mkononi, na anaogopa kuutamka mbele ya watu wake? Kiongozi, mzazi au mwalimu anayewaogopa anaowaongoza amekwisha kujiuzulu, hata kama bado amekalia kiti.

Carlson aliondolewa Fox wiki hiyohiyo iliyofuata malipo. Candace Owens aliachana na Daily Wire Machi 2024. Wote wawili wana wafuatiliaji mamilioni leo, na hawana mhariri, wala bodi, wala mwanasheria wa kupitia maandishi usiku wa manane. Fox ya 2020 ilikuwa angalau na dawati la uchaguzi la kulitia adabu. Katika podikasti ya mtu mmoja, mtazamaji na mtangazaji wanatazamana uso kwa uso, na kila juma kipimo ni kimoja: je, wameongezeka au wamepungua? Mgeni kama Fuentes huingia kwa mlango huo. Hakuna anayelazimika kumkubali. Inatosha kwamba yupo aliyehesabu na kuona kuwa vijana wake ni wengi.

Kanada inaonesha kwamba mambo si lazima yawe hivyo. Idhaa ya Sun News, iliyotaka kuwa Fox ya huko, ilidumu miaka minne tu na kufungwa Februari 2015. Ndani yake ukachipuka mtandao wa Rebel. Agosti 2017, baada ya namna mtandao huo ulivyoripoti maandamano ya wabaguzi huko Charlottesville, Andrew Scheer, kiongozi wa chama cha Conservative, alisema hadharani kwamba hatautolea mahojiano maadamu mwelekeo wake wa uhariri unabaki vilevile. Hakuomba serikali iufunge. Alifunga mlango wake mwenyewe. Hiyo ndiyo tofauti kati ya udhibiti wa dola na adabu ya nyumba, tofauti ambayo Roberts aliichanganya katika video yake.

Najua pingamizi linalonisubiri. Nani alimpa Buckley haki ya kulinda lango? Walinzi wa lango wa New York Times na NPR si ndio hasa walioleta chuki hii? Pingamizi hili ni zito, na sehemu yake ni kweli. Mlinzi wa lango anaweza kuwa mpendeleo, mvivu, au mwenye kiburi. Lakini mhafidhina wa kweli, yule wa mapokeo ya Edmund Burke, anajua kwamba taasisi iliyopinda hunyooshwa. Haichomwi moto kwa sababu imepinda, maana majivu hayana mlinzi bora zaidi. Aliyemkimbia mhariri mwenye upendeleo hakuupata uhuru. Amempata bwana mwingine, umati, ambaye hajui kusamehe na hana anuani ya kumpelekea malalamiko. Na tusijidanganye kwamba ugonjwa huu ni wa mrengo mmoja. Vyombo vya kiliberali ambavyo sasa vinaishi kwa ada za wasomaji wao vimo katika mtego uleule, na aliyejiuzulu uhariri wa ukurasa wa maoni wa New York Times mwaka 2020, baada ya kuchapisha makala ya Seneta Tom Cotton, analijua hilo.

Sisi wa huku tunahusikaje? Tarehe 14 Machi 2025 Rais Trump alitia saini amri ya kuipunguza hadi kiwango cha chini kabisa taasisi inayosimamia Sauti ya Amerika, na kesho yake wafanyakazi zaidi ya 1,300 walipewa likizo ya lazima. Idhaa ya Kiswahili ilinyamaza pamoja na nyinginezo, na mabishano yakahamia mahakamani. Julai mwaka huohuo Bunge la Marekani liliondoa takriban dola bilioni 1.1 zilizotengewa redio na televisheni za umma. Lawama ya upendeleo, iliyokuwa na ukweli ndani yake, ilianza kama hoja ya kudai marekebisho, ikageuka hasira ya vipindi vya jioni, ikaishia kuwa sera ya kufunga.

Sauti ya Amerika ilikuwa chombo cha serikali ya nchi nyingine, na tuliisikiliza tukilijua hilo. Lakini ilikuwa na wahariri, na habari ikikosewa palikuwa na wa kuulizwa. Vipande vya video za Carlson na Owens havijanyamaza. Vinazunguka katika makundi yetu ya WhatsApp, vimekatwa, vimetiwa manukuu ya Kiswahili, na mara nyingi anayevisambaza anadhani anaeneza uhafidhina. Mimi ni katika wanaoamini kwamba familia, dini na mapokeo ya wazee yanastahili watetezi hodari. Kwa sababu hiyohiyo sioni busara kuupokea utetezi wake kutoka kwa watu ambao, mbele ya hadhira yao, hawathubutu kusema hapana.