Kuimba si Kupiga Kelele



Huku kwetu Dodoma, mavuno yakiisha, ngoma huanza. Uwele na mtama viko ghalani. Watu wana nafasi. Jioni vijana hufanya mazoezi, na wazee huja kusikiliza.

Mwaka mmoja kikundi chetu kilialikwa kijiji cha jirani. Manju wetu, yaani kiongozi wa nyimbo, alikuwa mama mwenye sauti nzuri sana. Tulifanya mazoezi siku tatu mfululizo. Kila jioni aliimba kwa nguvu zake zote. Upepo ulikuwa mkali na vumbi lilikuwa jingi.

Siku ya ngoma ilipofika, mama alifungua kinywa ili aanzishe wimbo. Sauti haikutoka. Ilitoka pumzi tu. Sisi tuliaibika, lakini yeye aliumia zaidi. Alikaa wiki nzima akisema na watoto wake kwa ishara.

Kosa halikuwa la mama peke yake. Sote tulidhani kwamba anayepiga kelele zaidi ndiye anayeimba vizuri zaidi. Sivyo.

Sauti hutoka wapi?

Weka vidole kwenye koo lako. Sema "mmm". Je, unasikia mtetemo? Hapo ndani kuna nyuzi mbili ndogo za sauti. Hewa ikitoka kifuani, nyuzi hizo hutetemeka. Mwanamke anapozungumza, hutetemeka karibu mara 200 kwa sekunde moja. Ukipiga kelele, nyuzi hugongana kwa nguvu. Zikigongana hivyo muda mrefu, huvimba. Hapo sauti hukauka.

Sasa itazame ilimba. Vyuma vifupi hutoa sauti nyembamba. Vyuma virefu hutoa sauti nzito. Lakini chuma peke yake hakisikiki mbali. Sanduku la mbao ndilo linaloikuza sauti. Kwako wewe, sanduku hilo ni koo, kinywa na pua. Ukifungua kinywa vizuri, sauti itafika mbali bila kulazimishwa.

Tufanye nini?

1. Jifunze kupumua. Lala chali juu ya mkeka. Weka mkono juu ya tumbo. Vuta hewa polepole mpaka mkono uinuke. Usiinue mabega. Kisha toa hewa kwa kusema "sss" huku ukihesabu moyoni mpaka 10. Ukizoea, hesabu mpaka 15. Baadaye fanya hivyo ukiwa umesimama.

2. Pasha sauti moto. Usianze na wimbo mgumu. Anza kwa kuvumisha sauti, midomo ikiwa imefungwa. Kisha imba wimbo mwepesi kwa sauti ya chini.

3. Manju asianze juu mno. Akianza juu, waitikiaji watalazimika kupiga kelele ili wamfikie. Aanze mahali ambapo wote wanaweza kupanda na kushuka naye.

4. Sikiliza wenzako. Nyimbo za Wagogo, kama zile za nindo na msunyunho, huimbwa kwa sauti kadhaa pamoja. Wengine huimba juu, wengine chini. Kama humsikii jirani yako, punguza sauti yako.

5. Tamka maneno wazi. Wimbo wetu huonya, husifu na hufundisha. Wimbo ambao maneno yake hayasikiki ni kama barua iliyoliwa na mchwa.

Watu wengi wanamkumbuka Mzee Hukwe Zawose, mwana wa Dodoma aliyefariki mwaka 2003. Alipiga ilimba na zeze, akaimba katika nchi nyingi za dunia. Katika wimbo mmoja aliweza kushuka kwa sauti nzito, kisha kupanda mpaka sauti nyembamba sana. Watu walimsikiliza hata kama hawakujua Kigogo. Uwezo kama huo hauji kwa kukaza koo. Huja kwa mazoezi ya miaka mingi.

Itunze sauti yako

Kunywa maji mara kwa mara, hasa siku za upepo na vumbi. Acha tumbaku. Jiepushe na moshi wa jikoni kadiri uwezavyo. Sauti ikianza kukwaruza, nyamaza. Usinong'one, maana kunong'ona kwa nguvu nako huchosha koo. Usiimbe kwa kujilazimisha eti kwa sababu wageni wamefika. Sauti ikikwaruza zaidi ya wiki tatu, nenda zahanati ukapimwe.

Je, yule mama alipona? Ndiyo. Mwaka uliofuata aliongoza tena. Safari hii alipumzika siku moja kabla ya ngoma. Aliimba kwa sauti ndogo kuliko zamani, nasi tulijifunza kuitikia bila kumfunika. Bibi mmoja aliyekuwa amekaa nyuma kabisa, chini ya mbuyu, alisikia kila neno.

Maswali ya kujadili katika kikundi chenu

1. Kwa nini manju asianze wimbo juu mno?
2. Ilimba na kinywa cha mtu vinafanana kwa jambo gani?
3. Katika kikundi chenu, nani huimba kwa kujilazimisha? Mtamsaidiaje?
4. Mwombeni mzee mmoja awafundishe wimbo wa zamani. Uandikeni maneno yake katika daftari, kisha msome pamoja.