Dawa ya Nani? Neno Moja na Samaki wa Mto Gucha

Wahenga walinena kuwa dawa ya moto ni moto. Sijui wangenena nini lau wangesimama nami kando ya kijito kimoja karibu na soko la Nyamarambe, Mugirango Kusini, asubuhi moja ya likizo. Baba yangu mdogo alikuwa amemaliza kuwanyunyizia ng'ombe wake wawili dawa ya kupe. Alishuka mtoni, akaisuuza pampu, akayamwaga masalio majini, kisha akanawa mikono kwa sabuni barabara kabisa, kama alivyoagizwa na muuza agroveti. Adhuhuri watoto walikuja mbio wamebeba samaki wadogo waliowaokota wakielea. Nyanya akakataa katakata wasipikwe.

Nilipomdokezea baba mdogo kuwa huenda ni ile pampu, alinitazama kwa mshangao wa kweli. "Mwanangu," akaniambia, "hiyo ni dawa ya ng'ombe. Ng'ombe wamesimama pale wanacheua. Samaki watakufaje?"

Jibu hilo ndilo lililonisukuma kuandika makala haya. Msomaji asidhani kuwa namkejeli mzee wangu. La hasha! Alichokifanya ni kile kile wanachokifanya wanasayansi wa sumu duniani kote: alimtazama mnyama mmoja aliyekwisha kuguswa na kemikali, akatabiri litakalompata mwingine ambaye hajachunguzwa. Kasoro yake ni kwamba alitabiri kutoka kwa ng'ombe hadi kwa samaki bila kuuliza wawili hao wanatofautiana wapi. Nami nathubutu kudai kwamba sehemu ya kasoro hiyo ilitoka katika lugha, na hasa katika neno ambalo sisi wanafunzi wa Kiswahili tumelizoea mno hata hatulioni tena.

Tulitazame neno lenyewe. Dawa na sumu yote mawili tumeyapokea kutoka Kiarabu, na kamusi huyaweka mbalimbali kama usiku na mchana. Katika matumizi, hata hivyo, dawa imeimeza sumu. Twasema dawa ya mtoto, dawa ya panya, dawa ya ng'ombe, dawa ya kupe. Kisarufi miundo hii minne ni mmoja: nomino, a-unganifu, nomino. Kimaana, mtoto ananufaika na panya anakufa. Ajabu zaidi ni kwamba dawa ya ng'ombe na dawa ya kupe huweza kuwa chupa moja! Kihusishi hiki hakibainishi nani anatendewa wema na nani anauawa; kinamwachia msikilizaji abuni mwenyewe. Wala Kiswahili si peke yake katika jambo hili. Kwa Ekegusii eriogo ni dawa, na majirani zetu Wajaluo huita dawa yath, neno ambalo pia ni mti. Mzungumzaji wa lugha zetu amezoea kuanza na wazo la uponyaji. Kwa hiyo mtu aambiwapo dawa ya ng'ombe, anasikia habari za ng'ombe, na kama ni mwerevu anasikia pia habari za kupe. Samaki hayumo katika kirai hicho kabisa.

Sasa tuingie majini. Baadhi ya viuakupe vinavyouzwa madukani mwetu ni vya jamii ya piretroidi, na jamii hiyo ina asili ambayo wenyeji wa nyanda za juu za Kisii na Nyamira waijua fika: pareto. Kwa miongo mingi Kenya ndiyo iliyoongoza duniani kwa zao hilo, na yako maboma mengi Nyamira ambako karo ya shule ililipwa kwa maua meupe yaliyoanikwa juani. Kemikali ya ua hilo huigusa milango midogo ya sodiamu katika neva za mdudu, ikaiacha wazi, mdudu akatetemeka hadi akafa. Mwaka 1973 watafiti wa Rothamsted, Uingereza, wakiongozwa na Michael Elliott, walitangaza permethrini, mwigo wa pareto usioharibiwa upesi na jua. Ndugu zake wengi walifuata, nao ndio tunaowanyunyizia ng'ombe na mboga hadi leo.

Kwa nini ng'ombe apone? Naye ana neva, nazo zina milango ya namna hiyo hiyo. Ila mwili wake ni mkubwa, ngozi yake hupitisha kidogo, na ana vimeng'enya vinavyoivunja kemikali hiyo kabla haijafika mbali. Samaki hana bahati hiyo. Yeye hupumua kwa matamvua yaliyo wazi mbele ya maji mchana na usiku, kemikali huingia moja kwa moja, na vimeng'enya vyake huivunja polepole mno. Tena piretroidi hukolea zaidi katika maji ya baridi kuliko ya vuguvugu, na vijito vya milima yetu havina vuguvugu. Hata kati ya wanyama wanyonyeshao tofauti zipo: dawa ya viroboto yenye permethrini anayopakwa mbwa bila shida huweza kumuua paka wa nyumba hiyo hiyo, kwani ini la paka limepungukiwa na uwezo wa kuiondoa. Ikiwa mbwa hawezi kumsemea paka, ng'ombe atamsemeaje samaki?

Na wazee wetu walilijua hili! Katika sehemu nyingi za Afrika Mashariki watu walivua kwa utupa, mmea ambao majani yake yalipondwa na kutiwa katika madimbwi ya mto. Samaki walielea, watu wakawala, wala hawakudhurika. Kiini cha utupa ni rotenoni, ambayo huzima utengenezaji wa nguvu ndani ya seli. Humshinda samaki kwa kupitia matamvua, bali tumboni mwa mtu haifyonzwi sana na ini huivunja. Yaani mvuvi wa kale alikuwa na kanuni iliyo kinyume cha kanuni ya baba mdogo: kinachomuua samaki si lazima kimuue mlaji. Ilikuwa sahihi kwa utupa. Nionavyo mimi, hatari ilizuka pale kanuni hiyo iliporithishwa kwa chupa za dukani. Mwaka 1999 Umoja wa Ulaya ulizuia samaki wa Ziwa Viktoria wasiingie katika masoko yake baada ya kubainika kwamba wapo waliokuwa wakivua kwa viuawadudu, na wavuvi wa nchi tatu waliumia kwa makosa ya wachache. Kiuawadudu si utupa. Kila kemikali lazima iulizwe upya: wewe ni sumu ya nani?

Kuuliza huko si rahisi. Duniani zipo spishi za samaki zaidi ya 30,000, nazo kemikali ni maelfu kwa maelfu. Hakuna maabara itakayomtia kila samaki katika kila kemikali, wala haingekuwa utu kufanya hivyo. Kwa hiyo wataalamu wameteua wawakilishi wachache: trauti, kiroboto maji, na samaki mdogo wa mistari kutoka mito ya Bara Hindi ambaye Waingereza humwita kwa jina la punda milia. Hupimwa kiwango kinachoua nusu ya samaki kwa saa 96, kisha tarakimu hiyo hugawanywa kwa 10, kwa 100, au kwa 1,000 ili kuwakinga wale wasiopimwa. Ni busara ya mtu anayevuka mto gizani kwa kupapasa na fimbo. Inasaidia, lakini nyakati nyingine fimbo hukosea jiwe.

Mfano mchungu ni wa tumbusi, wale ndege wala mizoga. Huko Bara Hindi ng'ombe walitibiwa kwa diklofenaki, dawa ya maumivu ambayo hata binadamu huimeza. Ng'ombe aliyekufa akiwa nayo mwilini alipoliwa, figo za tumbusi zilifeli. Spishi tatu zilipungua kwa zaidi ya asilimia 90 kabla sababu haijathibitishwa nchini Pakistan mwaka 2004, na mwaka 2006 India, Pakistan na Nepal zikapiga marufuku matumizi yake kwa mifugo. Hiyo nayo ilikuwa "dawa ya ng'ombe". Baadaye ilionekana kwamba ndege mla mizoga wa Marekani, anayefanana na tumbusi kwa sura na tabia bali si wa nasaba yake, aliivumilia dawa hiyo kwa viwango vikubwa. Sura haikutosha kutabiri.

Ndiyo maana watafiti wamegeukia nasaba na protini. Tangu 2016 Shirika la Kulinda Mazingira la Marekani limeweka wazi kwa umma programu iitwayo SeqAPASS. Hufanya kazi ambayo mwanafunzi wa isimu linganishi angeielewa mara moja: huchukua protini inayoguswa na kemikali katika mnyama anayejulikana, huipanga asidi amino baada ya asidi amino kando ya protini ya wanyama wengine, kisha hutazama wapi zinafanana na wapi zimeachana, kama sisi tunavyopanga maneno ya Kiswahili, Ekegusii na Kikuria kutafuta mzizi. Mfanano ukiwa mkubwa hasa pale kemikali inapojishikiza, mnyama huyo hushukiwa kuwa hatarini. Si hukumu ya mwisho, kwani programu haijui samaki anaivunja kemikali kwa kasi gani wala maji yana baridi kiasi gani. Walakini inatuambia tuanzie wapi.

Hapa ndipo moyo wangu unaposononeka. Programu haiwezi kunena lolote juu ya samaki ambaye protini zake hazijasomwa. Wapo wa kwetu waliosomwa: mwaka 2014 zilichapishwa jenomu za samaki watano wa jamii ya sato wa Afrika, na mmojawao ni wa Ziwa Viktoria aitwaye Pundamilia nyererei. Naam, jina la kwanza ni Kiswahili kitupu na la pili ni la Mwalimu! Mara moja moja lugha yetu huingia maabara kupitia mlango wa mbele. Lakini nani atamsemea ningu, ambaye zamani alipanda Mto Gucha, ule ambao Wajaluo huuita Kuja, kutoka ziwani ili atage mayai wakati wa mvua? Kupungua kwake katika karne iliyopita kulitokana sana na nyavu zilizotegwa midomoni mwa mito, na nisingependa kuisingizia pampu ya baba mdogo. Hata hivyo, wachache waliosalia hupanda mito wakati wa mvua, na ndiyo mvua inayoyasomba masalio ya mashambani.

Najua mhadhiri mmoja au wawili watasema hii ni kazi ya wanabiolojia, kwamba lugha haiui samaki. Nami nakubali kuwa haiui. Ila nilikiokota kibandiko cha chupa ile nikakisoma. Kilikuwa na Kiingereza na Kiswahili, kwa herufi za ukubwa wa chawa. Kiingereza kilieleza kwamba bidhaa ni sumu kali kwa samaki na kilitaja mito na mabwawa. Kiswahili kilisema, "Epuka uchafuzi wa mazingira." Mazingira! Neno pana kama mbingu, lisilo na mapezi wala matamvua. Pembeni palikuwa na kijipicha cha samaki aliyepigwa mkato, ambacho baba mdogo alidhani kinamkataza kula samaki akiwa kazini. Ibara ya 46 ya Katiba yetu ya 2010 inampa mtumiaji wa bidhaa haki ya habari, na Ibara ya 7 inakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na lugha rasmi. Tafsiri ile ilikuwa dhaifu mno kuzitimiza ibara hizo.

Wala tusisingizie uhaba wa istilahi. TUKI ilitoa Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia mwaka 1990, kabla wengi wetu hatujazaliwa. Kinachohitajika hapa hata si istilahi, bali sentensi fupi zenye kiima na shamirisho: inamuua nani, haimuui nani, masalio yamwagwe wapi. Chama chetu kingeweza kuvikusanya vibandiko vya duka moja tu la agroveti, kuvitafsiri upya pamoja na wenzetu wa biolojia, na kuipelekea tafsiri hiyo Bodi ya Kudhibiti Bidhaa za Kuua Wadudu.

Mimi nilianza na chupa moja. Nilikata karatasi, nikaandika kwa herufi kubwa: HUUA KUPE. HUUA SAMAKI. USIISUUZE PAMPU MTONI. MWAGA MASALIO MBALI NA MAJI. Nikaibandika kwa gundi. Baba mdogo aliisoma taratibu akitembeza kidole.

"Na nyuki?" akauliza. Ana mizinga miwili nyuma ya boma.

Nikaongeza: HUUA NYUKI.

"Na kuku?"

Sikuwa na jibu. Ilinibidi nirudi chuoni nikasome, ndipo nikapata kwamba ndege huzivumilia piretroidi kuliko samaki kwa mbali sana. Nilimpigia simu jioni ile ile. Alishukuru, kisha akauliza kuhusu vyura.