UFUO HAUUZWI: SOMA HII KABLA HUJALIPIA ILE VILA



Ndugu yangu, dada yangu, hebu tuzungumze kidogo.

Kila Idd ikikaribia, na kila shule zikifungwa, simu zetu hujaa matangazo yale yale. Vila ya faragha Diani. Kidimbwi chako peke yako cha kuogelea. Mpishi wako. Ukuta mrefu, geti na askari, na mbele yako "ufuo wa kibinafsi". Bei ni makumi ya maelfu ya shilingi kwa usiku mmoja, na watu wetu wanalipa: maharusi walio fungate, familia za Nairobi na Mombasa, watoto wetu wanaofanya kazi Ghuba na Ulaya wakirudi likizo.

Kwanza tuelewane. Hatukuja hapa kukuharamishia starehe. Pesa ni zako, za halali, umezitokea jasho. Kapumzike. Na twajua vizuri kwa nini Muislamu hupenda vila kuliko chumba cha hoteli. Ni STARA. Mkeo na binti zako waogelee bila macho ya watu. Mle chakula mnachokijua kimepikwa vipi, bila chupa za pombe meza ya pili. Mswali jamaa hapo hapo sebuleni. Hilo si kosa, hilo ni jambo la kheri.

Kosa liko kwenye maneno matatu tu ya lile tangazo: UFUO WA KIBINAFSI.

Maneno hayo ni uongo. Kenya hakuna ufuo wa kibinafsi. Diani hakuna, Watamu hakuna, Malindi hakuna, Shela hakuna. Fungua Katiba ya 2010, Kifungu cha 62. Ardhi yote iliyo kati ya alama ya maji kujaa na alama ya maji kupwa ni ardhi ya umma. Serikali ya kitaifa inaishika kama amana kwa niaba ya wananchi, na msimamizi wake ni Tume ya Kitaifa ya Ardhi. Haiwezi kutolewa kwa mtu ila kwa sheria ya Bunge. Kwa hivyo ule mchanga unaopigwa picha kwenye tangazo ni wako, ni wangu, na ni wa yule mzee mwenye ngalawa. Ulikuwa wako kabla hujalipa hata shilingi.

Utauliza: kama ni wa umma, mbona wanauuza?

Hapo ndipo penye ujanja. Hawauzi mchanga, wanauza NJIA. Mtu anayeijua Diani anajua barabara ya lami inavyokwenda sambamba na bahari, na plot zilivyopangana katikati ya barabara na maji. Ukuta wa hoteli, ukuta wa vila, ukuta wa hoteli tena. Vichochoro vya kuteremkia pwani ni vya kuhesabu, na kila mwaka unasikia kimoja kimewekwa geti, kingine kimewekwa mnyororo, kingine kimeandikwa "hakuna njia". Mchanga umebaki wa umma kwenye karatasi, lakini wa kuufikia ni tajiri. Ni kama kumwambia mtu msikiti uko wazi saa zote, ila mlango wake umejengewa ukuta.

Wewe uliye ndani ya vila huuoni ukuta huo. Unauona upande uliopandwa maua. Hebu njoo uuone upande wa pili.

Mvuvi hafuati saa ya mkononi, hufuata maji. Maji yakishapwa, chombo kimekaa mchangani na siku imekwenda. Zamani alitoka nyumbani alfajiri, akashika kichochoro, dakika chache yuko diko. Leo kichochoro kimefungwa, na yeye ana nyavu begani na mashine mkononi, azunguke hadi apate upenyo. Akirudi na samaki ni mzunguko ule ule, na sasa jua limeshapanda. Samaki hangoji. Mama karanga aliyekuwa akija na karai lake kwa miguu kununua samaki, akaange, auze jioni, watoto waende shule, sasa alipie tuktuk kwenda na kurudi. Faida yake ilikuwa ni hiyo nauli. Huyo mama hakufukuzwa na mtu yeyote. Amefungiwa njia tu, basi, na biashara imekufa yenyewe.

Wako watakaosema: lakini wenye plot wana hati.

Sawa, tuzungumze hati. Mwaka 1895 Sultani wa Zanzibar aliwakabidhi Waingereza usimamizi wa ukanda wa maili kumi wa pwani. Mwaka 1908 Waingereza wakaleta sheria ya hati za ardhi: mwenye shamba aje adai, athibitishe, aandikishwe. Ardhi isiyodaiwa ikahesabiwa ni ya Taji la Uingereza. Sasa fikiria babu yako Mdigo au Mswahili wa kijijini, ambaye ardhi aliijua kwa ukoo, kwa minazi, kwa miembe na kwa makaburi ya wazee wake. Nani alimpelekea habari? Karatasi za lugha gani? Wengi walilala wakiwa wenye ardhi, wakaamka ni maskwota.

Halafu ikaja 1963. Sisi Waislamu hupenda kutaja makubaliano ya Oktoba mwaka ule kati ya Jomo Kenyatta na Waziri Mkuu wa Zanzibar, kwa sababu ndimo ilimolindwa Mahakama ya Kadhi na uhuru wa dini yetu. Lakini makubaliano yale yale yaliahidi pia kulinda hati za ardhi za pwani ambazo ZIMEKWISHA KUSAJILIWA. Aliyekuwa na hati akalindwa. Aliyepokonywa mwaka 1908 akabaki vile vile. Na baada ya uhuru, badala ya dhulma kurekebishwa, ikaongezwa nyingine juu yake. Ripoti ya Tume ya Ndung'u ya 2004 na ile ya Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano ya 2013 ziko wazi kwa anayetaka kujua ardhi za umma ziligawiwa vipi na nani alifaidika. Kabatini ndiko zilikowekwa.

Hatusemi kila hoteli imeiba, na hatusemi kila vila ni ya dhulma. Wako walionunua kihalali. Lakini hata hati safi kama maziwa haiufanyi ufuo kuwa mali ya mtu. Tena kanuni za upimaji ardhi zinasema kwamba ardhi ya serikali iliyo ufuoni ikipimwa ili igawiwe, kwa kawaida utengwe ukanda usiopungua mita 60 juu ya alama ya maji kujaa. Ukifika, hesabu hatua mwenyewe kutoka ukutani hadi mapovu ya bamvua. Kisha utuambie umepata ngapi.

Wako tena watakaosema: hoteli zinaleta kazi, nyinyi mwataka vijana wakae bure?

La. Twataka kazi, tena twataka kazi za haki. Kijana anayekusafishia kile kidimbwi, muulize ameajiriwa au ni kibarua. Sheria ya Ajira ya 2007 inasema kibarua akifanya kazi mfululizo siku zinazojumlika mwezi mzima au zaidi, basi anastahili kuhesabiwa mwajiriwa wa mwezi na haki zake. Wangapi wanajua? Wengi huachishwa kabla mwezi haujatimia, kisha huitwa tena kama wageni. Muulize pia kama Ijumaa hupewa nafasi ya kwenda kuswali. Kazi si sadaka ambayo mtu akishapewa lazima anyamaze. Na kazi za watu arobaini ndani ya ukuta hazihalalishi kufunga riziki ya watu mia nje ya ukuta. Kufungua kichochoro cha mita tatu hakujawahi kufunga hoteli.

Na usalama je? Tunausikia huo wimbo. Ati bichiboi wanasumbua wageni, ati magaidi. Utaratibu tunaukubali: anayeuza vinyago asajiliwe, anayesumbua achukuliwe hatua. Lakini usalama una sura mbili pale mchangani. Kijana wa Ukunda mwenye kanzu na ndevu akipita, askari huinuka: kitambulisho, unatoka wapi, unatafuta nini? Mgeni aliyeshuka kwa ndege jana hupita na kupungiwa mkono. Mzaliwa anatoa maelezo, mpitaji anapewa maji ya madafu. Huo si usalama, huo ni ubaguzi uliovaa sare.

Na ufuo huu si wa jana. Kaskazini mwa Diani, pale Mto Mwachema unapoingia baharini, umesimama Msikiti wa Kongo. Umekuwapo karne kadhaa kabla hoteli ya kwanza haijachorwa kwenye karatasi. Watu waliswali hapo, wakavua hapo, wakazikana hapo. Leo wajukuu wao waulizwe wanatafuta nini?

Sasa turudi kwako wewe na ile stara.

Maji yakipwa, akina mama hushuka mwambani kutafuta pweza. Wanashuka na mabuibui yao, na fimbo, na kikapu. Ni kazi ya bibi zao. Siku moja simama kwenye veranda ya vila yako uangalie. Utamuona mama wa umri wa mama yako anapita mchangani mbele ya ukuta wako, na askari anatoka mbio kumpigia kelele arudi, kama anayefukuza kuku kwenye mpunga. Mama anajifunika vizuri mtandio wake, anageuka, anarudi na kikapu kitupu. Anafedheheshwa mbele ya watu kwenye ardhi ambayo Katiba inasema ni yake.

Amefukuzwa kwa jina lako. Kwa ajili ya "mgeni asisumbuliwe". Wewe ndiye mgeni.

Ndugu yangu, stara ya mkeo haiwezi kununuliwa kwa fedheha ya mama wa mwenzako. Ukuta wa kusitiri nyumba una msingi katika dini yetu. Ukuta wa kufunga bahari hauna. Mtume (s.a.w.) ametufundisha kwamba maji ni katika vitu ambavyo watu hushirikiana, na kwamba kuondoa udhia njiani ni sehemu ya imani. Kama kuondoa mwiba njiani ni imani, kuweka geti njiani ni nini? Tena ametuonya juu ya atakayechukua hata shibiri moja ya ardhi kwa dhulma. Shibiri moja. Tusijifanye hatujasikia.

Basi ufanye nini? Hatukuambii ubaki nyumbani. Tunakuambia utumie hiyo pesa yako kama silaha.

MOJA. Kabla hujalipa, uliza kwa maandishi: njia ya umma ya kuteremkia pwani iko wapi, na iko wazi? Wavuvi na akina mama wa pweza hupita mbele ya vila bila kuzuiwa? Wafanyakazi wana mikataba? Wakikujibu kwa kukwepa, peleka pesa zako kwingine. Mwenye biashara haogopi maandamano kama anavyoogopa mteja anayeondoka.

MBILI. Ukifika, mwambie meneja na askari waziwazi: asifukuzwe mtu ufuoni kwa jina langu. Samaki wako mnunue diko, kwa mvuvi mwenyewe.

TATU. Ukiona njia imefungwa, piga picha, andika tarehe na mahali, ututumie. Kisha iandikie Tume ya Kitaifa ya Ardhi na serikali ya kaunti uulize: njia hii kwenye ramani ni ya nani? Kifungu cha 35 kinakupa haki ya habari, na Sheria ya Kupata Habari ya 2016 inawapa siku 21 wakujibu. Na Kifungu cha 22 kinamruhusu mtu yeyote kwenda mahakamani kwa maslahi ya umma. Si lazima uwe mvuvi. Si lazima uwe wakili.

NNE. Hili ni lako wewe tajiri wa Kiislamu unayejenga vila na kuzitangaza kuwa ni "halal". Twakujua, na twakupenda kwa ajili ya Allah. Lakini halal haianzi jikoni wala haiishii kwenye kidimbwi cha wanawake. Inaanzia kwenye mpaka wa plot yako. Fungua kichochoro. Kitie taa. Kiandike jina la marehemu mzazi wako, kiwe sadaka inayoendelea, kila mvuvi akipita amuombee.

Wazee wetu walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Leo mgeni yuaja, na mwenyeji anafukuzwa. Anayeweza kuurudisha msemo huo mahali pake si Serikali peke yake. Ni wewe mgeni, siku utakapokataa kupumzika nyuma ya dhulma.

Sambaza ujumbe huu kwa kila anayepanga safari ya pwani. Na wewe unayeishi Kwale, Kilifi, Lamu au Mombasa, tuandikie hapa chini: kijijini kwenu mlikuwa na njia ngapi za kushuka pwani ulipokuwa mtoto, na leo zimebaki ngapi?

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum.