Acheni Kupiga Picha na Yatima

Kila bumu, yaani fedha za mkopo za kujikimu, likiingia, wiki mbili tatu zikipita, chuo chetu hupatwa na homa ya huruma. Ujumbe unasambazwa kwenye magrupu ya WhatsApp: Jumamosi tunakwenda kituo cha watoto yatima, mchango shilingi elfu ishirini, fulana lazima. Zawadi za watoto ni hiari. Fulana lazima.

Basi la kukodi linajaa, muziki unapasua spika, na mpiga picha wa kulipwa anakalishwa mbele karibu na dereva, maana yeye ndiye mgeni rasmi wa kweli wa siku hiyo. Tukifika tunapanga viroba vya unga, katoni za sabuni na ndoo za mafuta ya kula. Nyuma ya ndoo tunapanga watoto. Nyuma ya watoto tunajipanga sisi, tukitabasamu. Jioni picha zimeshazagaa, na mtoto wa miaka sita ambaye hakuna aliyemuuliza anajulikana na maelfu ya watu asiowajua kuwa ndiye yule asiye na mama. Sheria ya Mtoto ya 2009 inampa mtoto haki ya utu na heshima. Sijaona kifungu kinachosema haki hiyo inasimama kwa muda mtu akishuka na katoni ya sabuni.

Nimewahi kukaa kwenye kamati ya safari moja ya namna hii, kwa hiyo sisimulii ya kuambiwa. Fulana, basi, mpiga picha na chakula chetu wenyewe vilimeza zaidi ya nusu ya michango. Nikauliza kwa nini tusifute fulana, fedha zote ziende kwa watoto. Mwenyekiti akajibu kwamba bila fulana watu hawatakuja. Alisema kweli tupu, na hakuna hata mmoja kwenye kikao aliyeona aibu.

Jumamosi hiyohiyo usiku, njooni bwenini. Chumba kilichopangiwa wanne kimelaza saba. Waliosoma vyuo vya Dar es Salaam wanajua ninachosema: watu wanabebana. Mwenye kitanda kapangiwa na chuo. Anayebebwa kakosa nafasi, au kaipata akakosa ada yake, na huko mtaani mwenye nyumba anataka kodi ya miezi sita mkupuo. Basi kitanda cha futi tatu kinalaza wawili mzungu wa nne, miguu ya mmoja kwenye mto wa mwenzake, mpaka mtihani wa mwisho. Hawa hawana fulana. Tena wakibainika wamekwisha, kwa kuwa kanuni za bweni letu zinahesabu jambo hilo kuwa kosa: aliyebebwa anatimuliwa usiku na begi lake, aliyembeba ananyang'anywa kitanda. Aliyepanda basi la yatima anapewa cheti cha kujitolea chenye muhuri, anakichomeka kwenye sivii, na siku moja kitamsaidia kupata ufadhili wa kwenda kusoma mbali na watu wote aliowasaidia.

Hoja ya usalama naijua, wala siidharau. Septemba 2020 bweni la shule ya msingi liliungua huko Kyerwa, mkoani Kagera, na watoto wasiopungua 10 wakafa. Chumba kilichofurika ni hatari, na choo cha watu wanane hakiwezi watu ishirini. Lakini anayelijali hilo hujenga vyumba, au huwaandikisha waliozidi ili wajulikane ni wangapi na wanalala wapi. Kuwawinda na tochi saa nane usiku hakujapata kuongeza hata kitanda kimoja.

Na kubebana hakuishii kitandani. Tangu 2022 mwanafunzi mwenye mkopo wa serikali wa chakula na malazi hupangiwa shilingi 10,000 kwa siku, kutoka 8,500 za awali. Humo kuna kula, kulala, daladala na bando. Zinaingia kwa mkupuo na zinatoka kwa mkupuo. Asiye na mkopo ana Mungu na wenzake. Muhula ukielekea ukingoni, ghorofa nzima inapiga pasi ndefu: mlo mmoja wa kushindilia saa kumi jioni, mpaka kesho saa kumi. Katika hali hiyo kuna dada wa chumba cha jirani, ambaye sijapata kumwona kwenye basi la huruma, hupika ugali wa watu wawili na kuita watano. (Jiko lake nalo ni kosa. Linaishi chini ya kitanda, ndani ya ndoo.) Wakishakula anatoa madesa yake yote bila kuficha hata karatasi moja, anawafundisha takwimu watu walewale atakaogombania nao madaraja ya juu. Mwaka jana wawili kati yao walikuwa wanakula disko waziwazi, yaani kufukuzwa chuo kwa kufeli; wakaponea chupuchupu, wakabaki na sapu, mitihani ya kurudia. Hana cheti chochote. Mwulizeni anaisaidiaje jamii, atawaambia yeye hana uwezo, anasubiri amalize chuo kwanza.

Sitaizungusha hoja yangu. Jumuiya ni watu wenye haki ya kudaiana. Palipo na mtoaji wa kudumu na mpokeaji wa kudumu, wasiojuana hata majina, hapo pana onyesho, hata kama machozi ya waliokwenda ni ya kweli. Dada yule akikosa chumvi anabisha hodi kwa aliowalisha, na wasipompa atawasema. Mtoto wa kituo atabisha hodi wapi? Hajui tunakaa wapi. Tulihakikisha hajui.

Nendeni mtaa wowote wa uswahilini mkaangalie chama cha kufa na kuzikana. Kuna daftari. Kuna mweka hazina mwenye ulimi mkali. Msiba ukitokea, kiwango cha kila mmoja kinajulikana, zamu ya kuchota maji inajulikana, nani analeta masufuria makubwa na nani anafuata turubai, yote yanajulikana kabla maiti haijatoka hospitali. Usipoonekana kwenye misiba ya wenzako unapigwa faini. Ukizidi unafutwa, na siku ukifiwa majirani watakaa barazani kwao wakikutazama unavyohangaika na sufuria la kuazima. Ni wakali, ndiyo. Ukali huo ndio unaomlinda mjane. Akipokea bahasha ya chama haombi, hapigi magoti, halii kwa ajili ya kumfurahisha mtu: anachukua chake, kwa kuwa mwaka juzi yeye ndiye aliyetoa kwa ajili ya mwingine, na daftari linashuhudia. Hakuna anayempiga picha akipokea. Atakayejaribu atanyang'anywa simu na wanawake wa jikoni.

Wala si mambo ya msibani tu. Zaka kwa Waislamu, asilimia 2.5 ya mali iliyofikia nisabu na kutimiza mwaka, ni haki ya maskini iliyomo ndani ya mali ya tajiri. Anayeitoa anamkabidhi mwenyewe kilicho chake, basi hana cha kuringia. Wakatoliki wana jumuiya ndogo ndogo zinazosali nyumba kwa nyumba, ambako mama asipoonekana mara mbili, ya tatu watu wanakwenda kumgongea mlango. Na dini zote mbili zinahimiza sadaka ya siri. Sasa hawa wenye kofia na hawa wenye rozari ninaowaona wakipigana vikumbo kuwahi mstari wa mbele wa picha ya pamoja, hili la kamera walifundishwa na shehe gani, na padri gani?

Mtu atasema vijana wa siku hizi wameharibika, wa zamani walikuwa na moyo. Hapana. Oktoba 22, 1966 wanafunzi wa Chuo Kikuu hapa Dar es Salaam waliandamana hadi Ikulu kupinga kupelekwa kwa lazima Jeshi la Kujenga Taifa. Lililowauma zaidi ni masharti ya mshahara: katika sehemu kubwa ya muda huo wangelipwa asilimia 40 tu. Mwalimu Nyerere aliwasikiliza, akapandwa na hasira, akawafukuza karibu 400 warudi makwao. Mimi naona adhabu ile ilikuwa nzito kupita kosa, na wengi wao walirudishwa baadaye. Lakini Mwalimu alifanya na jambo la pili siku ileile: alitangaza kuukata mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Alijiandika kwenye daftari kabla ya kuwadai wengine. Miezi michache baadaye likaja Azimio la Arusha, kisha Elimu ya Kujitegemea, yote ya 1967. Mwalimu ndiye pia aliyemfananisha msomi na mtu aliyepewa chakula chote cha kijiji chenye njaa, ili apate nguvu za kwenda mbali kuwaletea wenzake chakula. Asiporudi nacho ni msaliti.

Wale wa 1966 walikataa mchana kweupe, mbele ya Rais, wakalipa gharama yake. Sisi tunakataa huku tunatabasamu. Tumekula chakula cha kijiji, tumekwenda mbali, tumerudi na kiroba kimoja cha unga na mpiga picha. Na deni lenyewe tumelipunguza mpaka limeenea kwenye hati ya mshahara: mnufaika wa mkopo akishaajiriwa hukatwa asilimia 15 ya mshahara wa msingi, na siku makato yakiisha anatangaza hadharani kwamba sasa hadaiwi na mtu. Na yule aliyembeba mwaka wa kwanza? Na yule mama ntilie aliyemkopesha wali maharage muhula mzima akimwandika kwa mkaa ukutani?

Najua mtakavyonijibu, maana mmeshanijibu kwenye grupu. "Wewe umepeleka nini? Si mtoto amekula?" Amekula. Kituo kinachoishi kwa sadaka hakina jeuri ya kurudisha kiroba cha unga, na ndiyo sababu wanatuvumilia. Mlezi wa kituo kimoja aliniambia, kwa upole uliouma kuliko tusi, kwamba Ramadhani na Krismasi wageni wanapishana getini, sikukuu zikipita hata sabuni wanakopa dukani. Akaongeza kwamba watoto wadogo siku hizi wakisikia tu basi linapiga kona, huacha mchezo na kwenda kujipanga wenyewe kwa urefu, wafupi mbele, tayari kwa wimbo wa kuwakaribisha wageni. Hakuna aliyewaamuru. Wameshatujua.

Kama wenzangu mnaniona nina wivu, au nimekosa nafasi kwenye kamati, niiteni mnavyotaka. Elfu ishirini mnayoitoa mara moja kwa kishindo inaweza kukatwa vipande ikaenda kila mwezi kwa simu, kimya, hata Julai ambapo hakuna sikukuu. Anayetaka kwenda mwenyewe na aende, ila asiende na basi. Aende kwa daladala, afundishe hisabati kila Jumamosi, afanye hivyo mpaka mtoto amjue kwa jina na siku moja apate ujasiri wa kumuuliza: "Kaka, wiki iliyopita ulikuwa wapi?" Siku mtoto atakapouliza hivyo, na kaka akalazimika kutafuta jibu, hapo nitakubali kwamba wanahusiana. Wengi wetu swali hilo ndilo tunalolikimbia. Huruma ya saa tatu ni rahisi, haina Jumamosi ya pili.

Na nyumbani tuanzie bwenini. Kikao cha bajeti cha serikali ya wanafunzi ni mwezi ujao. Nitasimama kuomba fungu lote la fulana na picha lifutwe, na mahali pake liwekwe daftari la chakula: kila aliyeingiziwa bumu anaandikwa kiasi chake, kidogo tu, na kila aliyeishiwa ana haki ya kula bila kuulizwa fedha zake zilikwenda wapi. Atakayetoa leo ndiye atakayekula mwezi wa mwisho, mwenye mkopo na asiye nao, na watoto wa mboga saba waandikwe pia, maana nimewaona nao wakipiga pasi ndefu baba akichelewa kutuma. Nitaomba vilevile tuutake uongozi wa chuo uwaandikishe wanaobebwa badala ya kuwakimbiza. Mweka hazina namtaka yule dada wa jiko la kwenye ndoo. Kaka mwenyekiti, usije na hoja kwamba muda umekwisha. Nitataka kura ya wazi, mtu mmoja mmoja, kwa majina.